Hukwe Zawose: Mcheza Kwao Aliyetuzwa Ughaibuni

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma maisha ya viongozi na mashujaa wa vita. Mwaka huu mimi nimeonelea niwaletee shujaa wa namna nyingine. Huyu hakushika bunduki wala hakugombea kiti. Silaha yake ilikuwa kibuyu, ngozi, nyuzi na upinde mdogo. Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Tanzania, bingwa wa kupiga zeze na ilimba, na mwimbaji ambaye sauti yake ilisikika hadi Ulaya, Asia na Marekani.

Mzee huyu alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003. Sisi wa kidato cha tatu hatukuwa tumezaliwa. Wengi wetu hapa Kiwanjani hatujui hata kama aliishi. Lakini ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu fidla ni ya nani, atakujibu haraka kwamba ni ya Wazungu, tena ya Wazungu matajiri, wale wanaovaa suti nyeusi na kukaa mistari mistari kwenye televisheni. Basi ndugu zangu, maisha ya Hukwe Zawose ni jawabu la swali hilo. Nawaomba mnifuate pole pole.

Hukwe Zawose alizaliwa mwaka wa 1938 katika nchi ya Wagogo, huko Dodoma, katikati ya Tanganyika. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Nchi ya Wagogo sisi watu wa Isiolo tungeielewa bila kuelezwa sana. Ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na ikikataa kunyesha, imekataa. Miti yake ni ya miiba na mibuyu mikubwa. Watu wake hulima mtama na uwele, lakini mali ya mtu ni ng'ombe na mbuzi. Njaa wameionja. Ile iliyoitwa Mtunya, ya mwaka wa 1918 hadi 1920, iliua watu wengi sana, na wazee waliomlea Hukwe walikuwa bado wanaikumbuka.

Katika nchi kama hiyo mtu angedhani muziki ni anasa. Kumbe sivyo. Wagogo wanajulikana Afrika Mashariki nzima kwa uimbaji wao. Hawaimbi wote sauti moja kama sisi kwenye gwaride. Huyu anashika sauti ya juu, yule ya kati, mwingine ya chini, na sauti hizo zinapishana na kukutana bila mtu kuandika noti hata moja kwenye karatasi. Wataalamu wa muziki waliokwenda kuwasikiliza walistaajabu. Wanasema mpangilio wa sauti za Kigogo unatokana na zile sauti za asili zinazojificha ndani ya uzi mmoja unapotetemeka. Yaani uzi wenyewe ndio uliokuwa mwalimu.

Hukwe alikulia ndani ya mambo hayo. Muziki aliupata nyumbani kwa wazazi wake na machungani, mahali ambapo kijana ana ng'ombe mbele yake, jua kichwani, na saa nyingi za kukaa bila kazi ya mikono. Wenzetu wanaotoka Merti, Garba Tulla na Oldonyiro wanajua ninalosema. Mchunga mifugo asiyeimba ni nadra. Tofauti ni kwamba kijana wa Kigogo aliweza kuwa na kibuyu chenye nyuzi mkononi.

Sasa tuelezane zeze ni nini, maana jina hili hutumika kwa vyombo vingi vya nyuzi katika nchi zetu, na vingine hudonolewa kwa kidole. Zeze la Wagogo husuguliwa kwa upinde. Huchukuliwa kibuyu, au gogo dogo lililochongwa likawa na tumbo tupu, kisha uwazi wake hufunikwa kwa ngozi iliyokazwa. Mti mrefu hupitishwa kuwa shingo. Nyuzi hufungwa kutoka mwisho wa shingo, hupita juu ya ngozi, na hukazwa kwa vijiti vinavyozungushwa. Upinde wake umepindwa kama ule wa kuwindia, ila ni mdogo, nao hupakwa utomvu wa mti ili usiteleze.

Hapo penye utomvu ndipo penye siri ya vyombo vyote vya namna hii. Upinde ukiwa mkavu na laini, utapita juu ya uzi kimya. Ukiwa na utomvu, huung'ang'ania uzi na kuuvuta kidogo. Uzi unachoka kuvutwa, unaponyoka, unarudi, unashikwa tena. Jambo hilo hutokea mamia ya mara katika sekunde moja, nasi twasikia sauti. Chombo cha kudonolewa, kama gita, ukikigusa sauti inaanza kufa papo hapo. Cha upinde hakifi mpaka mkono usimame. Kinaweza kuvuta sauti, kuikuza, kuipunguza, kulia kama mtoto na kunong'ona kama mzee. Ndiyo maana katika mataifa mengi watu husema kwamba hivi ndivyo vyombo vinavyokaribiana zaidi na koo la binadamu.

Mazeze ya Wagogo si ya ukubwa mmoja. Kuna dogo la uzi mmoja au mbili, ambalo wao huliita chizeze, lenye sauti nyembamba. Kuna makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi, ambayo sauti yake ni pana na nzito. Kwa hivyo mazeze ni ukoo: wapo watoto, wapo wa makamo, wapo wazee.

Nimetaja ukoo makusudi, kwa sababu huko Ulaya nako ni vivyo hivyo. Fidla haiko peke yake. Kuanzia karne ya 16, mafundi wa kaskazini mwa Italia, katika miji kama Brescia na Cremona, walianza kutengeneza vyombo vya umbo moja kwa ukubwa tofauti. Mdogo ni fidla, ambao sauti yake ni ya juu. Anayefuata ni viola. Kwa macho viola inafanana sana na fidla, nayo pia huwekwa begani, lakini ni kubwa kidogo na sauti yake ni ya chini zaidi, yenye joto na uzito. Wa tatu ni chelo, unaowekwa katikati ya magoti. Nyuzi zake nne ni zile zile za viola, ila zimeshuka kwa oktava nzima. Wa mwisho ni besi kubwa, ambayo mpigaji husimama nayo kama amemkumbatia mtu mnene.

Katika ukoo huo, viola ndiyo mtoto wa katikati. Nyimbo tamu anapewa fidla, heshima ya uzito anapewa chelo, naye viola kazi yake mara nyingi ni kujaza katikati. Kwa miaka mingi wanamuziki wa huko wameifanyia mzaha. Lakini ukiiondoa, muziki unabaki na kichwa na miguu bila tumbo. Mozart mwenyewe, ambaye angeweza kuchagua chombo chochote, alipenda kupiga viola alipokaa na marafiki zake. Nimelitaja hilo kwa sababu zeze la Hukwe lilifanya kazi kama hiyo: lilikaa katikati ya sauti za watu, likaziunganisha, bila kupiga kelele kwamba mimi ndiye mkubwa.

Hapa kwetu Kenya ukoo huu pia upo. Waluo wana orutu, chombo cha uzi mmoja ambacho ngozi yake zamani ilikuwa ya kenge. Waluhya wana shiriri. Wagikuyu wana wandindi. Ukivuka mpaka kwenda Uganda, Baganda wana endingidi, iliyoenea huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ukipanda barabara yetu kwenda Marsabit na Moyale, ukaingia Ethiopia, utakutana na masinko, yenye sanduku la pembe nne na uzi wa singa za farasi, ambayo Waamhara na Waoromo huipiga wakisimulia hadithi. Ukiteremka Pwani hadi Unguja, fidla yenyewe iliingia katika taarab zamani sana, ikakaa pamoja na udi na kanuni, ikazungumza Kiswahili kama mwenyeji. Basi anayesema vyombo vya upinde ni vya Wazungu peke yao hajaitazama ramani.

Turudi kwa Hukwe. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata ikawa jamhuri, na Mwalimu Julius Nyerere akaunda wizara mpya ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa Kiafrika walijua kucheza dansi za kigeni kama rumba na cha-cha-cha, lakini ngoma za babu zao hawakuzijua, au walizijua na kuzionea haya. Kwake yeye utamaduni ulikuwa roho ya nchi, na nchi isiyo na roho ni mkusanyiko wa watu tu.

Maneno ni rahisi. Vitendo vilihitaji watu. Katika miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, wakati Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 lilikuwa limekwisha kuipa Tanzania njia ya kujitegemea, habari za Mgogo mwenye sauti ya ajabu zilimfikia Rais. Nyerere alipomsikia Hukwe, alimwalika aende Dar es Salaam, akaishi huko na kufanya muziki kama kazi yake. Fikirini jambo hili, wenzangu. Kijana asiye na vyeti vya shule kubwa anaitwa mji mkuu na kiongozi wa nchi, na anachoombwa alete ni kile ambacho wengine walikiita ushamba.

Hapo ndipo mtu mwingine angebabaika. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa imejaa bendi za gita na tarumbeta, na vijana walikuwa wanazikimbilia. Hukwe angeweza kuliweka zeze pembeni, akanunua gita, akawa mwimbaji wa dansi. Sauti alikuwa nayo. Iliweza kuanzia chini kabisa kama ngurumo ya mbali, ikapanda hadi juu kama ya mtoto. Lakini hakubadilisha. Aliendelea na zeze, filimbi na ilimba.

Ilimba ni kile chombo cha sanduku la mbao lenye vyuma vingi vyembamba, kinachopigwa kwa vidole gumba. Ya Hukwe ilikuwa kubwa, yenye makumi ya vyuma, na si vyote vilivyoguswa. Vingine viliachwa vitetemeke vyenyewe wenzao wanapopigwa, kama jirani anayeitikia wimbo wa jirani bila kuombwa. Ilimba ndiyo iliyompa jina kubwa zaidi duniani. Lakini ilimba hudonolewa, na sauti ya kudonolewa hukatika. Zeze lilipoingia, lilivuta uzi mrefu wa sauti kutoka neno hadi neno, na uimbaji ukapata mahali pa kulala. Atakayemsikiliza vizuri atagundua kwamba mara nyingine hajui pale ambapo zeze limeishia na koo la Hukwe limeanzia.

Vikundi vya sanaa vya taifa viliendelea kwa miaka kadhaa, na mwaka wa 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mji wa Pwani ambao zamani ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Hukwe alihamia huko, akawa miongoni mwa mabingwa waliofundisha. Chuo hicho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mtu wa nchi kavu akawa mkazi wa ufuoni. Alijenga nyumba, akaita ndugu na watoto, na boma la Zawose likawa kama shule ya pili. Huko chuoni wanafunzi walifundishwa kwa saa maalumu. Kwake nyumbani mtoto alijifunza kwa kukaa karibu, kuangalia mkono, kukosea, kucheka na kujaribu tena.

Hapo ninataka tutofautishe mambo mawili. Mtu akijua sana kupiga chombo, tunamwita fundi. Mtu akihakikisha kwamba siku akiondoka kuna mwingine wa kukipiga, huyo ni zaidi ya fundi. Zeze halina kitabu. Halina alama shingoni za kuonyesha kidole kikae wapi. Kidole chenyewe hakiukandamizi uzi mpaka kwenye mti, huugusa ukiwa hewani. Kwa hivyo sauti sahihi haiko kwenye chombo, iko kwenye sikio la mpigaji. Na sikio halinunuliwi dukani, hurithishwa na mtu kwa mtu. Familia moja ikiacha, maktaba imeungua.

Kuanzia miaka ya 1980 jina la Hukwe lilitoka nje ya mipaka. Mwaka wa 1985 ilitolewa Uingereza sahani yake ya santuri iitwayo Tanzania Yetu, aliyoifanya pamoja na wanamuziki wenzake wa Tanzania. Wazungu waliozoea kufikiri kwamba muziki wa Kiafrika ni ngoma tu wakapigwa na butwaa. Walisikia nyuzi, walisikia sauti zilizopangwa kwa ufundi, walisikia upinde ukilia kwa namna ambayo fidla zao hazikujua.

Baadaye alikutana na watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia nzima ambalo mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, na ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1982. Kampuni ya Gabriel ya Real World ilitoa albamu ya Hukwe iitwayo Chibite mwaka wa 1996. Hukwe alizunguka mabara akiwa na mpwawe Charles Zawose. Wawili hao walivaa mavazi ya Kigogo, njuga miguuni, wakapanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo. Watu walisimama na kushangilia.

Mwaka wa 2002 ilitoka albamu nyingine, Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gita kutoka Kanada ambaye hutumia sana mitambo ya umeme. Wapo waliosema huko ni kuchanganya maziwa na maji. Mimi naona tofauti. Yule Mkanada ndiye aliyekuja na mitambo yake kumfuata Hukwe. Sauti, lugha na mwendo wa nyimbo vilibaki vya Ugogo. Mwaka huo huo wa 2002 Hukwe na Charles walifuatana na Peter Gabriel katika ziara ya Marekani ya Kaskazini, wakipiga katika kumbi kubwa zile ambazo huko hutumika kwa michezo. Mchunga ng'ombe wa Dodoma amefika wapi jamani!

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Hukwe alicheza cha kwao, akatuzwa hata kwa watu. Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. Wapo wasanii wengi wa jadi wanaopigiwa makofi Ulaya, kisha wakirudi nyumbani redio zao wenyewe haziwapigi. Vijana wa Tanzania wa miaka ya 1990 walikuwa wanaanza kupenda muziki wa kizazi kipya, na zeze likaonekana ni la watalii na sherehe za serikali. Chombo kinaweza kusifiwa sana na bado kikafa, kama mzee anayesifiwa kwenye hotuba huku hakuna anayemtembelea.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Hukwe alipofariki mwishoni mwa mwaka wa 2003, macho yote yalimwelekea Charles, kwa sababu ndiye aliyesimama naye jukwaani na ndiye aliyeonekana mrithi. Mwaka wa 2004 Charles naye akafariki. Nyumba moja ikapoteza nguzo mbili kwa muda mfupi namna hiyo. Ingekuwa hadithi ya kubuni, mwandishi angeandika mwisho hapo, nasi tungefunga kitabu kwa huzuni.

Ila nyumba ile ilikuwa na watu wengine, na hapa ndipo maisha ya Hukwe yanatugusa sisi wasichana. Katika desturi ya Wagogo, zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Wanawake waliimba, walicheza na walipiga ngoma zao za muheme, ambazo hushikwa katikati ya mapaja, nao ni hodari sana kwazo. Lakini kusimama mbele, kushika zeze na kuongoza wimbo, hilo halikuwa lao. Mabinti wa Hukwe walikulia katika sauti hiyo usiku na mchana. Waliitikia nyuma ya wanaume. Masikio yao yalijua kila kitu ambacho mikono yao haikuruhusiwa kufanya.

Miaka ikapita. Mtoto wa Hukwe, Msafiri Zawose, alishika njia ya baba yake na mwaka wa 2017 akatoa albamu iitwayo Uhamiaji. Kisha wanawake wa ukoo nao wakasogea mbele. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, waliunda kundi liitwalo The Zawose Queens. Mwaka wa 2024 Real World, kampuni ile ile iliyomtoa baba yao, ikatoa albamu yao ya kwanza, Maisha. Humo wao wanaongoza uimbaji, na wao wenyewe wanapiga ilimba na chizeze. Kile ambacho bibi zao walikisikia kwa mbali wao wamekishika kwa mikono miwili.

Sijui kama mmeona maana ya jambo hili. Kama ile desturi ya kuwafungia wanawake nje ingeachwa ivyo ivyo, basi vifo vya mwaka wa 2003 na 2004 vingeweza kuukausha mto huo kwa sehemu kubwa. Waliozuiwa kushika chombo ndio waliokuja kuwa miongoni mwa waliokiokoa. Kuna watu husema kwamba kuhifadhi mila ni kutobadilisha kitu. Nyumba ya Zawose inatuonyesha kwamba mara nyingine mila huhifadhiwa kwa kufungua mlango mmoja. Hukwe aliishika sauti, wanawe wakabadilisha nani aruhusiwe kuitoa. Yote mawili yalihitajika.

Nimejadiliana na baadhi ya wenzangu wakaniambia, sawa, hayo ni ya Wagogo, sisi Isiolo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mji wetu huu ni wa watu mchanganyiko. Hapa Kiwanjani, kutoka karibu na uwanja wa ndege hadi sokoni, utasikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru na Kiswahili kabla hujamaliza kununua sukari. Kila lugha hapo ina nyimbo zake za ng'ombe, za ngamia, za kisima, za harusi. Nyimbo hizo hazijaandikwa. Ziko katika masikio ya akina ayeyo, akina akuyu na akina susu, na kila mwaka wa ukame mkali tunawazika baadhi yao. Sisi tulioko shule ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni. Wenzetu wa bweni hawana nafasi hiyo. Tunakaa na wazee hao chakula kinapopikwa, halafu tunavaa visikizi.

Mashindano ya muziki ya shule za Kenya yana nafasi ya nyimbo na vyombo vya jadi, na kila mwaka shule kutoka Nyanza na Magharibi huleta wapigaji wa orutu na shiriri wadogo kuliko sisi. Hawakuzaliwa wakijua. Kuna mtu alikaa nao. Pendekezo langu kwa Chama chetu, na namwomba mwalimu mlezi alifikirie, ni kwamba kila mwanachama arekodi wimbo mmoja kutoka kwa mzee mmoja wa nyumbani kwao, auandike kwa lugha yake, kisha autafsiri kwa Kiswahili. Tukiwa wanachama arobaini tutakuwa na nyimbo arobaini. Simu tunazo za kukopa kwa wazazi. Kinachotakiwa ni kuuliza tu, na kuuliza hakulipiwi karo.

Kwa upande wa vyombo, mwalimu akitupatia fidla au viola siku moja, tuipokee kwa furaha. Tusiione kama mgeni wa kuogopwa. Tuseme nayo kwamba ina jamaa zake hapa, orutu, shiriri, wandindi, endingidi, masinko na zeze, na kwamba wote wanakula chakula kimoja, yaani uzi, upinde na utomvu. Kwa upande mwingine, tukikutana na mzee ana kibuyu chenye nyuzi mbili, tusicheke. Mzee mmoja wa namna hiyo alitoka machungani Dodoma na dunia ikasimama kumsikiliza.

Hukwe Ubi Zawose aliishi miaka 65 hivi. Hakuacha majengo makubwa wala mashamba ya kujivunia. Aliacha watoto, wajukuu na wanafunzi wanaojua kidole kikae wapi kwenye uzi usio na alama. Mungu amrehemu. Nasi tulio hai, leo jioni tukifika nyumbani, kabla ya kufungua daftari la hesabu, tumwulize bibi: ule wimbo uliokuwa ukiimba kisimani ulianzaje?